Shati Lenye Doa

Dumu lilikuwa jeupe, lenye mfuniko wa bluu na karatasi ya hospitali iliyobandikwa ubavuni, na siku nzima ile lilishinda ndani ya begi chini ya meza ya mitumba kama mgeni ambaye hakuna anayetaka kumtambulisha. Kila Jicho alipobanwa na haja ndogo alilitoa, akalifunika kwa mtandio, akaenda nalo choo cha soko na kurudi nalo. Sasa wachuuzi wa nguo unawajua. Muuza viatu wa meza ya pili alivumilia safari mbili. Ya tatu ikamshinda.

"Dada wee, hiyo juisi mbona unakwenda kuinywa chooni peke yako? Uchoyo gani huo?"

"Lete kikombe nikumiminie," Jicho akamjibu bila kugeuka. "Leo ni bure."

Meza zote za jirani zikacheka. Baba yake naye akacheka, ila kidogo tu. Alikuwa amekaa juu ya robota la nguo ambalo halijafunguliwa, miguu imemvimba hadi viatu amevikanyaga visigino, na macho yake hayakubanduka kwenye lile begi. Watu walimwita Mzee Mwaga, na kwa miaka yote aliyokaa sokoni hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Hata sasa, mgonjwa, aliinuka, akakunja suruali iliyokwisha kukunjwa, akaketi, akainuka tena.

"Baba, tulia basi. Utachoka."

"Nimetulia."

"Umetulia huku umesimama?"

Figo zake zilikuwa zimeacha kazi, zote mbili. Mara mbili kwa wiki alilazwa kando ya mashine imsafishie damu, na mashine hiyo ilikwisha kula akiba, ikala cherehani ya mkewe, na sasa ilikuwa inaikodolea macho meza yenyewe. Mkewe alitaka kumpa figo yake moja, presha ikamkatalia. Akabaki Jicho, mtoto wao wa pekee. Damu yake na ya baba yake zilipatana, na kabla ya kwenda mbali hospitali ilitaka mkojo wake wa siku nzima, mchana na usiku, pasipotee hata tone. Figo zake zikionekana nzima, atapasuliwa, moja ahamishiwe baba. Zikionekana na kasoro yoyote, hawamgusi. Mzee Mwaga aliyasikia maneno hayo yote, lakini yaliyomkaa kichwani yalikuwa yale ya mwisho.

* * *

"Figo si chujio tu?" alikuwa amemuuliza daktari siku walipokabidhiwa dumu. "Chujio likiziba watu wanalisuuza. Nyie mbona mnataka kulibadilisha?"

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye subira ya mwalimu wa darasa la kwanza. "Si kama la chai, Mzee. La chai linazuia majani, basi, kazi yake imekwisha. Figo ina kazi mbili. Kwanza inamwaga karibu kila kitu kilichomo kwenye maji ya damu. Uchafu, lakini na sukari pia, na chumvi, na maji mengi mno."

"Inamwaga na vizuri?"

"Na vizuri. Halafu huko ndani kuna mirija myembamba, myembamba sana, ndiyo inayookota. Sukari inarudishwa yote kwenye damu. Maji karibu yote yanarudishwa. Chumvi, kwa kadiri mwili unavyohitaji. Kile kisichotakiwa ndicho kinachobaki, na ndio mkojo. Sasa protini, zile kubwa kubwa, hazitakiwi hata kupita mlango wa kwanza. Tukizikuta nyingi kwenye mkojo tunajua mlango umetoboka."

Hiyo ilikuwa kazi ya Mzee Mwaga mwenyewe, neno kwa neno. Robota unalikata waya, unapaza sauti "Mwaga!" na nguo zote zinashuka chini, nzuri kwa mbovu, kisha unainama unaokota, koti hili huku, gauni lile kule, mpaka chini panabaki soksi za mguu mmoja na matambara ya kupigia deki. Jina lake alilipatia hapo.

"Kwa hiyo ndani yangu," akasema, "waokotaji wamegoma."

Daktari akacheka. "Wamegoma, Mzee, na mlango wameuacha wazi."

Jicho alicheka pia, akambana baba yake mkono. Mzee hakuupenda mkono ule. Ulikuwa wa joto na wenye nguvu, mkono wa mtu mwenye miaka mingi mbele yake, na watu wazima wazima walikuwa wamekaa ofisini wanapanga kumpunguza.

Nyumbani alikataa. Alikataa wakila, alikataa wakiosha vyombo, alikataa akiwa chooni, sauti ikitokea juu ya mlango. "Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha! Mtoto hajazaa, hajajenga, mnataka kumfungua kama begi?"

"Nani kakuuliza?" mkewe akamjibu. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye maneno mazito. "Ulipomlipia shule alikukatalia? Ulipolala na njaa ale yeye, alikuuliza?"

"Ile ilikuwa njaa. Njaa inarudi ikipewa chakula. Figo inaota?"

"Wewe ukifa unaota?"

Jicho alisikiliza mpaka wakaishiwa pumzi. "Mimi nimeshaamua," akasema. "Nyie gombaneni tu, mkimaliza mniambie."

Kesho yake asubuhi Mzee Mwaga akakubali. Akasema haya, fanyeni mtakavyo, akaomba chai. Mkewe alipaswa kushtuka papo hapo, maana mtu huyu hata harusi yao aliibishania hadi mlangoni. Lakini mwenye shida hachunguzi neema. Alimwekea chai, akaenda chumbani kulia kidogo kwa furaha.

* * *

Sokoni pale upo ujanja ambao haufundishwi kwa mdomo. Robota zuri lina bei, kwa hiyo wachuuzi huchangiana, wanalimwaga, wanapanga mafungu, kisha kila mbia anachagua fungu kwa zamu. Sasa ukiona fungu ambalo roho yako imelipenda, na zamu yako bado, hulishiki wala hulitazami. Unachukua shati lenye doa baya, la kutu au la mafuta, unalichomeka juu. Mwenzako anafika, anaona doa, anasonya, anachagua jingine. Zamu yako ikifika unaliokota zuri lako taratibu, na doa unalitupa. Wizi si wizi, haki si haki. Aliyeuleta ujanja huo sokoni ni Mzee Mwaga mwenyewe, na binti yake aliuona tangu anasoma shule ya msingi, akija pale kumsaidia kupanga. Wabia walimpa jina la Jicho kwa sababu alikuwa anaona kifungo kilicholegea kutoka ng'ambo ya njia.

Jioni ya siku ya dumu, Jicho alilirudisha nyumbani, akalisimamisha bafuni ndani ya beseni la maji baridi kama alivyoelekezwa, akaenda kumsaidia mama yake kukata vitunguu. Mzee Mwaga akaingia bafuni. Bado alikuwa anapata mkojo kidogo, mzito, wenye povu lisilokatika, kama wa mtu aliyemeza sabuni. Akaukinga kwenye kikombe cha plastiki. Alisikia visu vikigonga ubao, akasikia mkewe akicheka, akafungua mfuniko wa bluu.

"Pita zako," akanong'ona, na hakujua anamwambia nani, daktari, au kisu, au kifo chenyewe. Akamimina. Akasuuza kikombe, akafunga mfuniko, akavuta maji chooni ili watu wasikie.

* * *

"Kuna protini nyingi kwenye mkojo," daktari alisema.

Walikuwa watatu mbele ya meza yake, baba, mama na binti. Mzee Mwaga alikuwa amejiandaa kuinamisha kichwa na kusikitika.

"Nyingi kiasi gani?" Jicho akauliza.

"Kiasi ambacho siwezi kukuruhusu utoe figo."

Imekwisha, Mzee akawaza. Imepita.

"Na kiasi ambacho," daktari akaendelea, akigeuza kiti chake kumwelekea msichana, "nataka sasa nikuangalie wewe mwenyewe. Tutachukua damu, tutarudia mkojo. Umewahi kuvimba miguu? Kuna uchovu? Magonjwa mengine ya figo yanatembea kwenye familia."

Hilo Mzee Mwaga hakulipigia hesabu. Sokoni doa linamwambia mbia apite tu. Hakuna doa linaloliumiza koti. Alimtazama mwanawe, akaona rangi ikimtoka usoni, kuanzia midomo. Jicho hakulia. Alimgeukia baba yake, si daktari, akasema kwa sauti ndogo:

"Baba, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Nilitaka kukusaidia. Sikujua na mimi ni mbovu."

Mkewe aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake, akatoka nje ya ofisi bila kuaga. Walimsikia ukumbini akiwauliza wapita njia, watu asiowajua kabisa, amemkosea nani.

Kuanzia siku hiyo nyumba ilikosa raha. Jicho alikuwa akikanyaga sakafu anainama kubonyeza kifundo cha mguu, aone kama kidole kinaacha shimo. Aliacha chumvi. Maji alikuwa akiyamimina, anayatazama, anayamwaga nusu. Mama yake alipika chungu kimoja kisicho na chumvi kwa wagonjwa wawili, akala hicho hicho naye, kwa uchungu tu. Hata muuza viatu alikuja kuuliza hali mikono nyuma, na mtu huyo akikosa utani ujue kuna msiba.

"Meza tunaiuza," mke akasema. "Si kwa ajili ya mashine yako. Kwa ajili ya mtoto."

"Uza," Mzee akajibu haraka mno.

Mkewe alimtazama. "Hata hubishi?"

Angebisha nini? Alijiambia kwamba watarudia vipimo, wataona msichana ni mzima, watasema mitambo ilikosea, na wakati huo yeye atakuwa ameshajiondokea kwa amani. Uongo wa siku chache, si uongo wa kuua. Lakini mtoto alipopita na kikombe chake cha maji nusu, maneno hayo yote yalimkauka. Mara nne, mara tano alifungua mdomo amwambie. Kila mara aliona mlango wa chumba cha upasuaji, na Jicho analala pale yeye akiwa chanzo, akaufunga mdomo.

* * *

Walifungua robota la mwisho kabla ya kuuza meza. Lilikuwa la makoti ya watoto, na mbia wao alikuwa mama mmoja muuza mashuka, mnene, mwepesi wa macho. Mzee Mwaga alikata waya. Hakuwa na nguvu ya kupaza sauti, akasema "Mwaga" kama anayeomba maji, na makoti yakashuka chini, mekundu, ya kijani, mengine bado yana lebo za dukani.

Jicho alipanga mafungu, kimya. Moja lilitoka zuri kuliko yote. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Mama Mashuka, aliyekuwa bado anahesabu chenji ya mteja. Mzee hakufikiri. Naapa hakufikiri, mazoea yana mikono yake yenyewe. Alinyoosha mkono kwenye matambara, akavuta kishati chenye doa la kutu, akakichomeka juu ya fungu lile, akageuka pembeni kama mtu anayetazama mawingu.

Mama Mashuka akaja, akaona, akasonya, akachukua fungu jingine.

Jicho hakuinuka. Alikuwa amechutama, anakitazama kile kishati. Alikishika kwa vidole viwili, akakiweka kando, chini yake makoti yakang'aa. Akakirudisha. Akakiondoa tena.

"Baba," akasema. "Asubuhi ile nilipobeba dumu lilikuwa na povu."

"Ulilitikisa."

"Nilidhani nimelitikisa. Povu la kutikisa linakufa. Lile lilifika hospitali likiwa hai." Akainua macho. "Povu la namna ile naliona kila siku chooni, ukitoka wewe."

Mzee Mwaga alitafuta pa kuegemea, akapakosa, akaketi juu ya makoti. Soko lilikuwa linaendelea na kelele zake. Mtu alikuwa anapatana bei ya mkanda.

"Nilitaka wakupite," akasema.

"Wanipite."

"Waone doa, waende zao. Ubaki."

"Siku zote hizi najibonyeza miguu." Sauti ya Jicho ilianza chini, ikapanda. "Mama anakula chakula kama majivu! Nimekuomba msamaha, Baba! Nimekaa mbele ya daktari nikakuomba wewe msamaha, na wewe ukauliza nikusamehe nini!"

"Mwanangu, watu wanasikia."

"Wasikie! Chungulieni, jamani, baba yangu ameniwekea doa!"

Muuza viatu, aliyekuwa ameanza kusogea, akasogea nyuma. Mzee Mwaga akafunika uso. Alilia kwa sauti, mtu mzima, juu ya makoti ya watoto, na aibu aliyoikwepa ofisini ikamkuta pale mbele ya kila mtu.

"Wewe ndiye fungu langu," akasema ndani ya viganja. "Sina jingine."

Jicho alisimama akihema. Kisha akachutama tena, akaanza kukunja, maana nguo zilikuwa chini na watu wanazikanyaga. "Zamu yako ikifika huwa unaliokota," akasema. "Mimi ulikuwa unanifichia nani, Baba, ikiwa wewe mwenyewe ulikuwa huna mpango wa kurudi kuniokota?"

* * *

Mkewe alipoambiwa hakupiga kelele. Alikwenda jikoni, akachukua kopo la chumvi, akaliweka katikati ya meza, akarudi kukaa. "Mtoto, kula," akasema. Mumewe hakumsemesha kabisa, na kwa mwanamke yule hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko matusi.

Hospitali, daktari ndiye aliyesema. Alimsikiliza Mzee mpaka mwisho, akavua miwani.

"Majibu ya damu ya binti yako yalikuja safi. Nilikuwa nimeshaanza kutilia shaka maabara yangu, kuna kijana pale nimemgombeza bure. Mzee, ulikuwa hutaki?"

"Sikutaka."

"Ungesema."

"Nilisema. Nyumbani."

"Ungesema hapa. Neno moja tu. Huku hakuna anayewekewa figo kwa nguvu, hata iwe ya mwanawe. Ungeniambia hapana, mimi ningefunga jalada, na wao wangekuja kulia mlangoni ningewaambia ni uamuzi wangu." Akangoja. "Niambie sasa. Hapana?"

Mzee Mwaga akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, limekaa tayari muda mrefu. Jicho alikuwa anatazama dirishani. Hakumsaidia wala hakumzuia.

"Nipeni dumu jingine," Jicho akasema hatimaye, bado anatazama dirishani. "Nitajaza. Yeye akapate muda wa kufikiri. Lakini ukikataa, kataa mbele ya macho yangu, Baba, si chooni."

* * *

Safari hii alilibeba wazi sokoni, kwenye meza ambayo bado haijauzwa, bila mtandio. Muuza viatu alipoliona alisimama wima akapiga saluti, na Jicho kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akacheka hadi akashika mbavu. Nyumbani dumu lilikaa ndani ya beseni lake, na mlango wa bafu uliachwa wazi kila asipokuwemo mtu. Baba yake alipita pale mara nyingi kuliko mahitaji. Alipita tu.

Asubuhi walikaa kwenye benchi la hospitali, yeye na binti yake, dumu katikati yao. Muuguzi akachungulia, akamwita Jicho aingie kutolewa damu. Msichana akainuka, akatazama huku na huku. Mbele ya benchi kulikuwa na sinki la kunawia mikono, bomba lake linadondoka. Akalitazama sinki, akamtazama baba yake.

"Nishikie," akasema. Akamwekea dumu mapajani, akaingia ndani, mlango ukajifunga nyuma yake.

Mzee Mwaga alibaki nalo. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Alilegeza mfuniko kidogo, akatazama ndani: rangi ya chai nyepesi, juu yake hakuna povu hata chembe. Mirija ile myembamba ilikuwa imeokota kila kilicho chake usiku kucha, na haikukosea. Sinki lilikuwa hatua chache tu. Mkojo ukipungua, usipotimia, hawataupima. Kutakuwa na siku nyingine, na dumu jingine, na siku nyingine tena. Akainuka. Watu wa benchi la pili wakavuta miguu kumpisha, wakidhani mgonjwa anataka kunawa.

Akasimama mbele ya sinki muda ambao hata yeye asingeweza kukwambia. Halafu akaukaza mfuniko, akaukaza tena kwa nguvu yote aliyobakiwa nayo, akafunga bomba lililokuwa linadondoka kwa sababu kelele zake zilikuwa zinamuudhi, akarudi kukaa.

Muuguzi wa maabara alitoka na trei. "Sampuli hii ni ya nani?"

"Ya mwanangu."

"Imetimia? Hamkupoteza, hamkuchanganya na kitu?"

"Ni yake tupu," Mzee Mwaga akasema. "Na mwambie daktari, lile neno lake aliloniuliza, mwambie silisemi."

Muuguzi hakujua neno gani, wala hakuuliza. Alilichukua dumu akaondoka nalo, na Mzee akabaki na mikono mitupu mapajani, akiifumba na kuifumbua, macho yakiwa kwenye mlango ambao mwanawe angetokea.